Mjumbe Ni Yeyote Anayenunua Kahawa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao, mguu wake mmoja mfupi umewekewa kopo la rangi, kwenye kibaraza cha duka ambalo mwenyewe alilifunga akaenda kuishi kwa mwanawe na hajarudi mpaka leo. Kulia mwa benchi kuna cherehani ya Mama Vifungo. Kushoto kuna meza ya Mzee Saa, fundi wa saa, anayeitazama dunia kwa jicho moja kwa sababu jingine lina kioo cha kukuzia. Nyuma yake, ukutani, amejibanza Dokta Redio, ambaye hajawahi kumtibu mtu ila redio zilizokata kauli amezifufua nyingi. Na katikati yao, juu ya kigoda, anakaa Shangazi Birika na birika lake na vikombe vyake kumi na viwili, ambavyo kwa kweli ni kumi na kimoja maana kimoja kimevunjika mkono na hakuna anayekitaka. Mgeni akipita akawasikia hudhani hapo panataka kumwagika damu. Si hivyo. Watu hawa wanapendana, basi tu hawajajaliwa kupendana kimya kimya.

Jumamosi ile alasiri walikuwa wanagombania mauaji.

— Mimi sijaua mtu! alisema Mzee Saa, na kibanio chake kikamponyoka. Nilisema jana, nasema leo, na Jumatatu nitasema tena. Sijaua!

— Buti zako zilikuwa kavu, alisema Dokta Redio.

— Buti kavu ndiyo ushahidi?

— Tulipanda mashua moja, mimi na wewe. Mimi nimekufa maji, wewe umetokea kwenye karamu na buti kavu. Nisikushuku wewe nimshuku nani, samaki?

— Shangazi, mwambie huyu marehemu anyamaze.

— Mimi baba yake, alisema Shangazi Birika. Mwanangu ana haki ya kuuliza.

Msomaji usikimbilie kituo cha polisi. Huyo aliyekufa hajawahi kuishi. Ni Kapteni mmoja wa ndani ya tamthilia, tamthilia ya kisasi ya Mwingereza wa miaka mia nne iliyopita, ambayo mwalimu wa madarasa ya jioni aliwatolea wanafunzi wake nakala ya sehemu ya kwanza tu: kurasa ishirini na nane za tafsiri, zimebanwa kwa pini mbili. Mtihani unataka sehemu ya kwanza, kwa undani. Zilizobaki, alisema mwalimu, mtazisoma mkishafaulu. Ndiyo maana pale kijiweni hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua nani kamuua Kapteni, na ndiyo maana kila mmoja alikuwa na uhakika.

Mwanafunzi ni Mama Vifungo. Ameshona sare za shule miaka ishirini na tatu. Mtoto akiletwa kupimwa, hamwachilii mpaka ahesabu vifungo vya shati lake kwenda na kurudi, na asiyejua anafundishwa hapo hapo, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni mwake. Wapo walioijua kumi pale cherehanini kabla hawajaona darasa. Kwa hiyo alipokata shauri aende chuo cha walimu wa watoto wadogo, kijiwe hakikushangaa. Kilichowashangaza ni jinsi alivyochelewa. Shule aliiacha kidato cha tatu, mwaka aliofariki mama yake, na cherehani anayoikanyaga mpaka leo ni ya huyo mama. Sasa masomo mengine yote ameyapita. Limebaki moja, fasihi, lililomwangusha mara mbili. Chuo hakipokei mtu aliyetimiza miaka arobaini, na yeye ana thelathini na tisa na miezi saba. Mtihani ni Jumatatu asubuhi. Akianguka, basi, abaki na vifungo vyake.

Wateja hakuwaambia. Akiulizwa zile karatasi ni za nini, alisema ni mchezo tu wa kijiwe. Aliona haya mtu mzima kuanguka mara mbili, na aliona haya zaidi kuulizwa habari za matokeo na kila anayeleta suruali kupunguzwa.

Wazo la kugawana wahusika lilikuwa la Shangazi Birika. Wewe ukisoma peke yako unasinzia, alimwambia, tusome sote. Mzee Saa akapewa Rafiki, aliyevuka mto na Kapteni. Dokta Redio akapewa Mzimu wa Kapteni, anayefungua tamthilia kwa mistari kumi na minne, akaeleza kwamba aliingia kwenye mashua akiwa hai na akaishia chini ya mto, asiseme kwa mkono wa nani, akaondoka. Shangazi Birika, kwa kuwa ndiye mwenye amri pale, akawa Gavana, baba wa marehemu. Mama Vifungo akawa Dada, ambaye mwisho wa sehemu ya kwanza anauchukua ukutani upanga wa kaka yake na kuapa kwamba hatauweka chini mpaka ampate mwenye makosa. Kosa lilianzia hapo. Watu wengine wakipewa mhusika humwigiza. Hawa walimtetea.

Akabaki Mjumbe. Mjumbe ana mstari mmoja tu katika sehemu nzima, na hakuna aliyemtaka. Ikapitishwa kwamba Mjumbe ni yeyote anayenunua kahawa. Ukitaka kikombe unapewa kwanza ukurasa wa kumi na tisa, uliochomolewa kwenye pini, unasoma mstari wako, ndipo unamiminiwa. "Bwana, mashua imerudi, mtu hayumo." Kwa wiki tatu mashua ile ilirudi labda mara mia. Msambaza mikate aliutamka kwa sauti ya kuitia wateja. Askari wa barabarani aliusoma taratibu kisha akauliza namba ya mashua. Kijana mmoja aliyekuwa anaoa siku ile aliusoma huku anacheka mpaka kahawa ikammwagikia suti. Na kila mara Shangazi Birika alijibu kwa kichwa, bila kuangalia kitabu, birika likiwa tayari limeinama: "Fungeni milango yote ya mji. Asitoke mtu. Sukari?"

Ule ugomvi wa Jumamosi ulianzishwa na kalamu nyekundu. Mama Vifungo alikuwa amerudishiwa karatasi yake ya majaribio, kurasa sita alizoziandika kwa jasho, na mwalimu alikuwa ameandika chini: "Umesimulia vizuri. Lakini sikuuliza nini kilitokea. Niliuliza mwandishi amefanya nini hata sisi tukubali kwamba Dada hana njia ila kisasi. Fikiri tena. Jumatatu wanaweza kuliuliza hili hili."

— Hebu isome tena, alisema Mzee Saa.

Mama Vifungo akaisoma tena, mguu wake ukiwa juu ya kanyagio lakini haukanyagi.

— Jibu rahisi, alisema Dokta Redio. Dada hana njia ila kisasi kwa sababu muuaji anajulikana. Ni huyu hapa.

— Wewe bwana! Mzee Saa akavua kioo chake, jambo analolifanya akikasirika kweli tu. Nimepiga hesabu. Ukurasa wa nne, wanapanda mashua jua likiwa utosini. Ukurasa wa kumi na moja, Rafiki anaingia karamuni jua linatua. Hapo katikati kuna saa sita. Buti la ngozi likianikwa juani saa sita linakauka, tena linapasuka. Nimejaribu na langu.

— Umeloweka kiatu?

— Nimekiloweka Alhamisi. Nendeni mkamuulize mke wangu.

— Sasa saa sita zote hizo ulikuwa wapi, na mimi niko chini ya mto?

— Nilikuwa nakutafuta!

Hata Mzee Saa mwenyewe alionekana kushangaa, maana mstari huo haumo kwenye kitabu.

— Mimi naona mnahangaika na mto bure, alisema Shangazi Birika akipangusa vikombe. Tazameni orodha ya wahusika, ukurasa wa kwanza. Baba yupo. Dada yupo. Rafiki yupo. Mpaka mpishi yupo na hasemi neno. Mama yuko wapi?

— Mama gani?

— Mama wa Kapteni! Mtu anazaliwa na gavana peke yake? Hayumo. Hatajwi. Nawaambia mimi, asiyeonekana ndiye aliyefanya. Yuko kule ng'ambo ya mto na kamba ya mashua mkononi.

— Mama amuue mwanawe? alisema Mama Vifungo.

— Sijui habari zake, hayumo nitamjuaje? Lakini kama hana hatia, mbona kajificha?

Dokta Redio alikuwa anaigonga redio moja mgongoni kwa mpini wa bisibisi. Alipoona yule mama aliyezushwa na Shangazi Birika anapendwa kuliko mzimu wake, akaiweka chini.

— Nyote mmekosea, alisema. Muuaji jina lake limeandikwa jaladani.

— Jaladani kuna jina la mfasiri tu, alisema Mzee Saa.

— Ehe!

— Ehe nini?

— Nani alikuwepo maneno yote yalipokuwa yanapita? Nani alikuwa na nafasi ya kufuta? Mimi nina mistari kumi na minne. Marehemu mzima, kapteni wa jeshi, natoka kwa wafu nakuja kusema kumi na minne tu, na jina la muuaji silitaji? Haiwezekani. Nililitaja. Mfasiri kalikata. Mimi kazi yangu ni sauti zisizo na mwili, najua sauti iliyokatwa inavyolia.

— Na kwa nini alikate?

— Labda ndiye muuaji.

— Mfasiri wa juzi, alisema Mzee Saa, kamuua mtu wa miaka mia nne?

— Mimi sisemi ilikuwa rahisi.

Hapo ndipo Mzee Saa alipoinua kidole na kusema kwamba kama ni hivyo, basi hata yeye ana mtu wake, na mtu huyo ni Dada mwenyewe, kwa sababu upanga mzuri ule ukutani alikuwa ameutamani toka utotoni. Shangazi Birika akamtetea binti yake. Dokta Redio akasema dada yangu hawezi, labda kama kasaidiwa na mfasiri. Sauti zikapanda, mtu wa ng'ambo ya barabara akachungulia dirishani, na Mama Vifungo akaipiga meza ya cherehani kwa kiganja.

— Basi!

Akawageukia wote watatu.

— Nani amewauliza aliyeua ni nani? Mwalimu hakuuliza hivyo. Hakuna anayeuliza hivyo ila nyinyi. Wiki tatu mnanitetea watu wasiokuwepo, na mimi Jumatatu naingia kwenye chumba kile peke yangu na kalamu, sina cha kuandika. Nitaandika kiatu cha Mzee Saa kimekauka? Nitawaandikia mfasiri akamatwe?

Hakuwa amekusudia kusema yote hayo. Akazikusanya karatasi zake, akazipigapiga juu ya meza zikae sawa, akazitia chini ya mkasi.

— Mimi naona niache, alisema. Sare ninazijua. Fasihi haikunipenda.

— Huachi, alisema Shangazi Birika.

— Shangazi, nimechoka.

— Choka. Lakini huachi.

Dokta Redio alitazama bisibisi yake. Mzee Saa akakirudisha kioo jichoni ingawa mbele yake hapakuwa na saa. Walimpenda mno mwanamke huyu, na kila mmoja alijiona ndiye aliyemharibia.

Hapo hapo akaja mwanamke mmoja wa makamo, mgeni kabisa mtaa ule, kitu amekifunga kwenye gazeti na kukikumbatia kifuani.

— Hamjambo wenyewe. Shikamoo mzee.

— Marahaba, mama. Karibu.

— Nimeelekezwa kuna fundi cherehani hapa.

— Ndiye huyo, alisema Shangazi Birika, ambaye kazi huwa haimwachi hata akiwa na huzuni. Ila muache apumue kidogo. Kunywa kahawa. Na hapa kwetu kahawa inanunuliwa kwa kusoma kwanza. Dokta, mpe ukurasa.

Mama Vifungo alitaka kusema leo basi, mchezo umekwisha. Lakini ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa umekwisha pita mikononi, umechakaa, una duara za kahawa kila kona, na mgeni alikuwa ameushika.

— Nisome wapi?

— Palipopigwa mstari. Wewe ni Mjumbe. Umetoka mtoni. Mimi Gavana, niko kwenye karamu namngoja mwanangu arudi kutoka vitani.

Mwanamke akausoma kwanza kwa macho. Akachelewa. Kisha akamtazama Shangazi Birika usoni, kitu ambacho hakuna Mjumbe aliyewahi kukifanya, wote walikuwa wakitazama kikombe.

— Bwana, alisema polepole, akanyamaza. Mashua imerudi. Mtu hayumo.

Aliusema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetamani mwingine angetumwa badala yake. Dokta Redio nywele za mikono zilimsimama. Wiki tatu alikuwa amekufa mara mia, na hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia habari zake.

Shangazi Birika aliinamisha birika kwa mazoea.

— Fungeni milango yote ya mji, asitoke mtu. Sukari?

Mgeni hakupokea kikombe wala hakuurudisha ukurasa. Alikuwa bado anamtazama, anangoja.

— Umeshamaliza, mama, alisema Mzee Saa kwa upole. Ni mstari mmoja tu.

— Najua. Nawangoja nyinyi. Hapa ni nani anayelia?

— Vipi?

— Nimeleta habari ya msiba. Mtu amekufa. Nauliza tu, nani anamlilia?

Shangazi Birika alibaki na birika hewani. Dokta Redio akasema, bila shaka yupo, lazima yupo, akachukua karatasi chini ya mkasi akaanza kufungua. Ukurasa wa kumi na tisa, ulio mkononi mwa mgeni, Gavana anafunga milango. Ishirini, anaamuru mashua ikaguliwe. Ishirini na moja, Rafiki anasema yuko tayari kuapa. Ishirini na tatu, wageni wa karamu wanauliza kama chakula kiondolewe. Ishirini na tano, Gavana na Rafiki wanabishana juu ya muda. Ishirini na saba, Dada anakwenda ukutani. Ishirini na nane, anaapa. Mzee Saa naye akazipitia vile vile kwa jicho lake la kioo, mstari kwa mstari, akitafuta chozi kama anavyotafuta msumari mdogo ulioanguka sakafuni. Halikuwepo.

Dokta Redio akaziweka karatasi magotini. Akawatazama mmoja mmoja.

— Kwa hiyo mimi nimekufa, alisema, na hakuna hata mmoja? Hata wewe, Shangazi? Baba yangu mzazi?

— Nilikuwa nafunga milango, alisema Shangazi Birika, na uso wake ulikuwa umeingia aibu ya kweli.

— Mzee Saa?

— Nilikuwa najitetea, bwana. Unisamehe.

— Mama angelia, alisema Shangazi Birika taratibu. Lakini mama hayumo.

Mama Vifungo alikuwa ameishika futi yake ya kupimia kwa mikono miwili na anaitazama cherehani.

Alipofariki mama yake, kulikuwa na sare arobaini za watu mezani na shule zinafunguliwa baada ya siku nne. Asubuhi ya pili aliamka, akakalia kiti hiki hiki, akautia uzi. Watu walipita wakamsifu, wakasema binti huyu ana moyo wa chuma. Hakuwa na moyo wa chuma. Hakuwa na nafasi. Wadogo zake walikuwa watatu, kila mtu aliyekuja alikuja na neno la kufanya, na hakuna aliyekaa naye chini akamwambia lia kwanza. Basi kilio kile chote alikishona. Alikishona kwenye kola na mifuko na mikunjo ya sketi, akaendelea miaka ishirini na tatu, na mkasi wa mama yake hajauweka chini mpaka leo.

— Upanga, alisema.

— Upanga umefanyaje? aliuliza Mzee Saa.

— Dada hauchukui upanga kwa sababu ana hasira. Nilikuwa naandika hasira, kila mara hasira. Tazameni: karamu ya watu wengi, na hakuna bega. Baba anatoa amri. Rafiki anajitetea. Wageni wanauliza chakula. Mwandishi amewajaza watu chumba kizima kisha akahakikisha hakuna hata mmoja atakayemshika mkono. Sasa yeye mikono yake aifanyie nini? Ikabidi ishike kitu. Na kilichokuwa karibu ni upanga.

Alikuwa amesimama. Sauti yake ilikuwa ile anayowasemea watoto wakifika kifungo cha tisa na kumi wanakiona.

— Na mama hakusahauliwa, Shangazi! Wewe ndiye uliyemwona, mimi nilikucheka. Mwandishi kamtoa makusudi. Angekuwepo angepiga yowe, sote tungelia naye, msiba ungekuwa msiba, na kisasi kisingekuwepo. Kamwondoa ili kusiwe na mtu wa kulia. Ndivyo alivyofanya. Ndicho mwalimu anachouliza, amefanya nini. Kafanya hivyo!

— Nilisema mimi kuna kitu na yule mama, alisema Shangazi Birika.

— Ulisema ndiye muuaji.

— Nilisema kuna kitu!

Mama Vifungo alikuwa haonekani tena. Alikuwa ameinama juu ya karatasi ya kaki ya kukatia mitindo, anaandika kwa chaki ya kushonea, kwa sababu kalamu ilikuwa mbali na yeye hakuwa na muda wa kuitafuta. Aliandika mistari mitano mikubwa myeupe. Akaisoma. Akatabasamu, na tabasamu lile walikuwa hawajaliona tangu matokeo ya pili. Moyo wake ulikuwa mwepesi kiasi cha kumtisha.

Kisha akakumbuka kwamba ana mteja.

— Dada yangu, nisamehe. Umeleta nini?

Mwanamke akalifungua gazeti. Lilikuwa koti la mwanamume, la kijivu, zito, viwiko vimesuguliwa na meza za miaka mingi.

— Lilikuwa la baba, alisema. Nataka lipunguzwe mabega, nilivae mimi. Mvua zinakuja.

Mama Vifungo alilipokea, akapitisha kidole kwenye mshono wa ndani, kama afanyavyo kwa kila nguo. Mshono ulikuwa mzima. Mfukoni kulikuwa na tiketi ya basi iliyokunjwa mara nne, akairudisha mahali pake.

— Alifariki lini?

— Hii wiki ya sita.

— Na wewe ulimlilia?

Mwanamke alikunja gazeti mara mbili, akalikunjua.

— Wageni walikuwa wengi, alisema. Mimi ndiye mkubwa. Kulikuwa na viti vya kukodi, na masufuria ya kurudisha. Nilikuwa na mambo ya kufanya.

Dokta Redio alinyanyuka pale ukutani, akasogea. Mzee Saa akajivuta mpaka mwisho wa benchi, upande wenye kopo la rangi, ambao hakuna anayeupenda.

— Kaa, alisema Mama Vifungo.

— Aa, sitaki kuwasumbua, nimekuja na koti tu.

— Koti halina haraka. Kaa, dada. Shangazi, kahawa imebaki?

Shangazi Birika aliliinamisha birika mpaka mwisho. Ikatoka nusu ya kikombe, nzito, halafu matone matatu, halafu basi.

— Hiyo ndiyo ya mwisho.

— Na yangu? alinong'ona Dokta Redio.

— Wewe umekufa. Nyamaza.

Mwanamke alikaa, akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Mama Vifungo alikaa kando yake na koti magotini, bega kwa bega. Mwanamke alikunywa funda moja. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, kwanza kidogo, kama mtu anayezuia kikohozi, halafu akashindwa kuyazuia, na akalia. Akalia kwa sauti, pale pale barabarani, mchana kweupe. Watu walipita. Mzee Saa alitazama miguu yake. Shangazi Birika alikuwa na machozi yanamtiririka na hakuyapangusa. Dokta Redio, ambaye ndiye aliyekuwa na sababu zaidi ya wote, alijikaza mpaka akashindwa. Hakuna aliyetoa amri, na hakuna aliyefunga mlango wowote.

Ilichukua muda wake. Alipomaliza, mwanamke alipangusa uso kwa upande wa kanga, akacheka kidogo kwa haya, akasema kahawa yenu ni kali. Shangazi Birika akasema ni kali kweli, wengi wanalalamika. Mama Vifungo akasimama, akamzungushia futi mabegani, akaandika vipimo vyake kwa chaki kwenye ile karatasi ya kaki, chini ya mistari yake mitano.

— Nije lini, fundi?

Dokta Redio na Mzee Saa waliinua macho pamoja. Walimjua Mama Vifungo. Walijua atasema Jumanne, kwamba Jumatatu ana dharura, kwamba kuna sare za watu.

— Njoo Jumatatu mchana, alisema Mama Vifungo. Asubuhi nina mtihani.